Na Mfuko Tumboni Hadi Lodwar

Nianze na jambo ambalo mimi sikuambiwa na mtu: utaoga. Siku ya kwanza ukitoka hospitali utasimama bafuni ukitetemeka, ukidhani maji yataingia tumboni kupitia lile tundu jipya yakumalize. Hayaingii. Jimwagie maji, oga kama zamani.

La pili, usijifungie nyumbani ukihesabu nzi. Hilo nililijua nikiwa nimechelewa, na ndiyo sababu naandika.

Naitwa Simiyu. Nilizaliwa karibu na Kamukuywa, na ujana wangu wote niliumalizia juu ya baiskeli mjini Bungoma, nikibeba abiria kwenye keria kabla pikipiki hazijatunyang'anya kazi. Baadaye nilihamia Kitale nikafungua kibanda cha kutengeneza baiskeli. Huko nilimwoa Nyambura, fundi wa nguo, ambaye wazazi wake walitoka Murang'a zamani wakanunua shamba Trans-Nzoia. Tuna binti mmoja, Neema. Mimi ni mtu nisiyetulia. Mama yangu husema hata tumboni mwake nilikuwa nikizunguka kama kuku anayetafuta mahali pa kutaga.

Ugonjwa ulianza wakati wa kupanda mahindi. Niliona damu chooni, nikajiambia ni bawasiri. Sisi tuliopanda baiskeli miaka ishirini tuliambiana hivyo kila siku, kwamba kiti cha baiskeli ndicho adui yetu. Nikanunua dawa ya kupaka. Mahindi yakaota, tukapalilia, damu ikaendelea. Mama akasafiri hadi Lwakhakha, kule mpakani, akaniletea unga wa mizizi kutoka ng'ambo, nikanywa na maziwa. Suruali zikaanza kunipwaya. Nikatoboa tundu jipya kwenye mshipi, kisha jingine.

Siku moja Nyambura alikuta suruali yangu nimeiloweka peke yangu kwenye beseni.

"Baba Neema, hii damu ni ya nani?"

"Ni kiti cha baiskeli."

"Kiti cha baiskeli kinatoa damu?"

Kesho yake tulikwenda hospitali, na hapo ndipo nilipojijua kuwa mwoga. Nilipoona daktari ni msichana wa umri wa mdogo wangu wa mwisho, na kwamba atavaa glavu, nilitoka kwenye foleni nikasema nakwenda kununua maji. Nikarudi nyumbani. Mara ya pili nilisema simu imeita. Mara ya tatu Nyambura alinivua viatu pale kwenye benchi, akaviweka chini yake, akavikalia. Nilikaa pekupeku mbele ya watu wote mpaka namba yangu ikaitwa. Sasa nacheka, lakini wakati ule nilimchukia. Wewe unayesoma hii ukiwa umetoroka foleni, tafuta mtu wa kukalia viatu vyako.

Ilikuwa saratani, katika sehemu ya mwisho ya utumbo, karibu kabisa na njia ya haja. Daktari alieleza mengi. Mimi nilikuwa natazama kidole chake kikichora kwenye karatasi, na nilichosikia ni kwamba hapa chini watashona pafungwe kabisa, na haja itatokea tumboni, upande wa kushoto, iingie kwenye mfuko.

"Kwa muda gani?" niliuliza.

"Maisha yako yote," akasema.

Nikauliza kama nitapanda baiskeli. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la mtoto, akasema tuombe Mungu kwanza.

Watu wakivuna mahindi mimi nilikuwa Eldoret, nikichomwa mionzi siku tano kwa wiki, wiki baada ya wiki. Mionzi yenyewe ni dakika chache. Kinachokumaliza ni kungoja. Kuna aina ya uchovu inayotoka kwenye benchi la mbao, na mimi niliyezoea kutembea nilihisi miguu inanidai. Nilizunguka lile jengo mpaka walinzi wakanijua kwa jina. Ngozi ya chini iliungua ikawa nyeusi, ikabambuka, nikawa nakaa kwa tako moja. Pale kwenye foleni alikuwapo mama mmoja wa Kapenguria mwenye saratani ya koo. Yeye mwenyewe hakuweza kumeza ila kwa shida, lakini kila asubuhi alikuja na chupa kubwa ya uji wa wimbi kwa ajili ya wenzake. Alitumiminia, akatutazama tukinywa. Wiki ya nne hakuja. Hatukuuliza. Mtu mwingine aliokota chupa aliyokuwa ameiacha pale chini ya benchi, akaenda nayo, na kesho yake akaja nayo imejaa.

Upasuaji ulikuwa wakati wa kiangazi, vumbi la Kitale likiwa limejaa kila mahali. Nilipoamka niliweka mkono kushoto, nikaugusa mfuko, ulikuwa na joto. Nikaondoa mkono haraka kama niliyegusa nyoka.

Sitaki kukudanganya kuhusu miezi iliyofuata. Mvua ndefu ilinikuta natiwa kemo, dawa kali ya saratani, kwa mshipa, vidole vikifa ganzi kila niliposhika spana baridi. Kukaa kulikuwa shida kwa sababu ya mshono wa chini. Kulala kulikuwa shida kwa sababu ya mfuko. Nilimkataza Nyambura asiuguse wala asiuone, nikahamia kwenye kochi. Neema aliacha kuleta marafiki nyumbani, na hakuna aliyemwambia aache. Jumapili moja kanisani, mchungaji akiwa ametulia katikati ya sala, mfuko wangu ukatoa sauti. Ile sauti huwezi kuizuia, kwa kuwa pale tumboni hapana msuli wa kubana. Mtoto mmoja akacheka. Nilitoka nje na sikurudi mpaka mahindi ya mwaka ule yakavunwa.

Mama alikuja kunitazama. Akasema, "Simiyu, watu wanasema ati umeoza ndani. Rakini mimi nasema hii si ugonjwa, ni macho ya watu. Twende tukaombewe."

"Mama, imekatwa. Imetoka," Nyambura akamjibu kwa upole.

"Kama imetoka, mbona mtoto wangu hacheki?"

Nilitoka nikawaacha wakizozana. Nilikuwa natoka kila mara. Nilitembea mpaka sokoni nikarudi, nikaenda tena. Jioni ile Nyambura alinisimamia mlangoni, na tepu yake ya kupimia nguo shingoni. "Wewe ulipona," akasema, "lakini haujarudi nyumbani. Mimi nimechoka kuishi na mtu anayepita tu."

Hilo liliniuma kuliko kisu.

Aliyenitoa kwenye shimo lile ni muuguzi mmoja, Sista Chebet, mwenyeji wa Kapsokwony, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mtu aliyekua akiita ng'ombe mlimani. Ndiye aliyetufundisha sisi wenye mifuko namna ya kukata gundi ilingane na tundu, namna ya kukausha ngozi, chakula gani kitakuaibisha na kipi hakitakuaibisha. Siku moja nilimkuta anapanga katoni za mifuko.

"Hizi ni za wapi, Sista?"

"Bado hazitoshi. Ni za Lodwar. Huko kuna wagonjwa wamefanyiwa hii operesheni na mifuko hakuna. Wanafunga karatasi ya unga na kitambaa. Ngozi inaoza. Kanisa na watu wa baiskeli wa Bungoma wanataka kuendesha mpaka huko, watu wachangie mifuko kwa kila kilomita. Siku nne. Wanatafuta fundi wa kuziba panchari."

Alisema hivyo bila kunitazama. Mpaka leo sijui kama alinitega.

Nyambura alipinga. "Juzi juzi umetoka kwa kisu. Utakalia nini, Baba Neema? Si pale wamekushona?" Daktari alipinga kidogo, kisha akasema kovu limekauka, nisimame mara kwa mara, nibebe mifuko ya akiba, ninywe maji kuliko wengine. Nilipanda baiskeli kwa mara ya kwanza nikiwa nimekunja blanketi juu ya kiti, nikazunguka uwanja wa shule mara mbili, nikashuka nikitokwa na machozi ya maumivu. Kesho yake mara nne. Nyambura alikuwa ananitazama kutoka kwenye ua. Siku ya tano alikuja na mshipi mpana wa kitambaa chenye mpira ndani, aliokuwa ameushona, wa kushikilia mfuko usicheze. Akanipa akageuka akaenda zake. Ulinikaa sawasawa, ingawa hakuwahi kunipima.

Tuliondoka Bungoma tukiwa tisa, wakati wa kiangazi kingine. Wenzangu walijua mimi ni fundi, basi. Sista alinitunzia siri, naye alisafiri kwenye gari la maji. Siku ya kwanza tulipita Kamukuywa, mama akiwa kando ya barabara na wanawake wa kanisa lake wakiimba, tukalala Kitale. Siku ya pili tulipanda Kapenguria tukateremka milima ya Marich, masikio yakiziba. Siku ya tatu nchi ikafunguka, miti ikawa mifupi, joto likatoka juu na chini, na tukalala Lokichar. Kila baada ya saa moja nilisimama, nikajificha nyuma ya kichaka nikakagua mfuko.

Aliyekerwa na hayo ni Mzee Ndung'u, mkulima wa Kiminini aliyepita miaka sitini, mkubwa kuliko sote, na aliyependa kuendesha nyuma yangu.

"Kijana, unasimama kila mti," alisema. "Una mkojo wa ng'ombe?"

"Nakagua minyororo, mzee."

"Mnyororo gani uko kwa kichaka?"

Lokichar tulipewa nyama ya mbuzi, na mimi mwenye njaa nikasahau yote niliyofundishwa, nikala na mafuta yake. Alfajiri tulipoanza safari ya mwisho kwenda Lodwar, tumbo lilikuwa limeshaanza kunguruma.

Kilomita zile themanini na kitu ni lami, na mchanga unavuka barabara kama kitu kilicho hai. Upepo ulitupiga usoni. Saa nne asubuhi vyuma vya baiskeli havikushikika. Nilianza kuhara. Mfuko ulijaa, nikaumwaga nyuma ya mti wa mswaki, nikaendesha, ukajaa tena. Jasho lililegeza gundi. Nilibadilisha nikabaki na mifuko miwili, kisha mmoja. Katoni zote za mifuko zilikuwa zimetangulia Lodwar jana yake kwa pikapu. Nilikuwa naendesha kuzifuata, mimi mwenye kuzihitaji kuliko mtu yeyote barabarani pale.

Karibu saa sita dada mmoja kati yetu alizimia kwa joto. Tulimbeba tukamlaza kwenye gari la maji. Sista akaamua wamkimbize Lodwar mara moja, wengine tuendelee polepole. Kabla ya kufunga mlango alinitazama mimi peke yangu.

"Uko sawa?"

Nilikuwa na mfuko mmoja, nilikuwa nahara tangu alfajiri, na ulimi ulikuwa umenatana na meno. Watu saba walikuwa wananisikiliza.

"Niko sawa, Sista."

Ule ndio uongo mbaya kuliko wote niliousema katika ugonjwa wangu. Damu kwenye beseni ilikuwa haiwezi kuniua siku ile ile. Huu ungeweza. Gari likaondoka, na huko simu zetu hazikuwa na mtandao.

Wenzangu wenye nguvu wakatangulia. Nikabaki na Mzee Ndung'u. Zikiwa zimebaki kama kilomita ishirini na tano, mfuko wa mwisho uliachia wote kwa pamoja. Nilihisi joto likishuka pajani mpaka kwenye soksi. Niliangusha baiskeli nikakimbilia kichaka, nikavua fulana, nikajifuta kwa mchanga, nikitukana kwa Kibukusu maneno ambayo sijayatumia tangu Bungoma.

"Simiyu! Umeanguka?"

"Usije huku, mzee."

"Ni nyoka?"

"Nimesema usije!"

Alikuja. Alisimama akanitazama, mimi nimechuchumaa uchi nusu, ile nyama nyekundu iko nje tumboni inatoa uchafu mbele ya macho yake, na mimi siwezi kuifumba. Nilingoja ageuke. Hakugeuka.

"Kumbe hii mifuko tunapeleka ni ya watu kama wewe," akasema taratibu.

"Ndiyo."

"Na ulikuwa unaficha sisi?"

Akavua kofia, akajifuta uso.

"Kaka yangu alikataa hii kitu," akasema. "Daktari alimwambia atoboe tumbo apone. Akasema afadhali kaburi, hawezi kuwa mtu wa kunuka. Tulimzika. Watoto wake mimi ndio nilisomesha. Na wewe uko hapa unaendesha baiskeli Turkana." Akatikisa kichwa. "Sasa unahitaji nini? Sema haraka, jua inatuua."

Nilihitaji karatasi isiyovuja. Alikwenda kwenye keria yake akarudi na mkate. Akautoa ule mkate kwenye karatasi yake ya nailoni, akauvunja vipande akautia kofiani, akanipa karatasi. Kisha akafungua chupa yake ya maji.

"Leta mikono unawe."

"Mzee, hayo ni ya kunywa."

"Nawa kwanza."

Alinimiminia nusu chupa, tukiwa jangwani, ili niwe safi. Nilipasua fulana nikatengeneza kitambaa. Katika mfuko wangu wa spana nilikuwa na tyubu kuukuu, nikaikata utepe mrefu, nikaifunga karatasi ya mkate tumboni, mshipi wa Nyambura juu yake. Ilikaa, lakini vibaya. Ilikuwa inakata ngozi, inavuja pembeni, na inanuka. Wakati nakaza lile fundo nilikumbuka watu wa karatasi ya unga ambao Sista alinieleza, na nikaona kuwa kwa muda wote ule nilikuwa nimewaza habari zao kama mtu awazaye habari za watu wengine.

Tukaendesha. Jasho liliacha kunitoka, na mwanzoni nilifurahi, sikujua ni dalili mbaya. Misuli ya miguu ikawa inakaza kama mawe. Niliona barabara mbili, nikachagua ya kushoto, nikaingia mchangani. Mzee Ndung'u alinirudisha, akaanza kuendesha sambamba nami akiniuliza maswali ili nisilale. Mke wangu anaitwa nani. Neema yuko darasa la ngapi. Mahindi ya Kamukuywa na ya Kiminini ni gani mazuri. Nikimjibu ovyo ananipigia kelele, "Rudia!"

Kwenye laga moja, mto uliokauka, tulikuta wanawake wawili, watoto wao kando, wamechimba shimo mchangani wanateka maji kwa kikombe, kidogo kidogo. Hatukuwa na lugha ya pamoja. Mmoja aliniangalia midomo, akanipa kikombe, nikanywa, akanipa kingine. Mtungi wake ulikuwa haujafika nusu. Alipofikisha cha nne, Mzee Ndung'u alimshika mkono kwa heshima, akaonyesha mtungi, akaonyesha watoto, akakataa kwa niaba yangu.

Gari likarudi zikiwa zimebaki kilomita nane. Sista Chebet aliruka kabla halijasimama. Alinivuta kope, akanifinya ngozi ya mkono, ngozi ikabaki imesimama.

"Ingia ndani."

"Sista, ni kilomita nane tu. Nyumba zinaonekana."

"Simiyu, utakufa hapa nikikuangalia."

Nataka niseme kwamba nilikubali kwa busara. Sikukubali. Nilishika mikono ya baiskeli nikasema nimechomwa, nimekatwa, nimetiwa sumu kwa mshipa msimu mzima, na hizi nane ni zangu. Nilikuwa napiga kelele. Mzee Ndung'u ndiye aliyevibandua vidole vyangu kimoja kimoja.

"Niachie hizo nane," akasema. "Mimi nitazimaliza. Wewe nenda uishi bana."

Niliingia gari. Nilikunywa maji ya chumvi na sukari nikilia kwa hasira, nikimwona kwenye kioo cha nyuma anakuwa mdogo, mzee mmoja juu ya baiskeli nyeusi, na mkate kofiani.

Kwa hiyo mimi sikufika Lodwar kwa baiskeli. Watu wa kwetu wakinipongeza huwa nawaambia hivyo, wanasema ni unyenyekevu. Ni ukweli. Na wewe unayetoka kwenye matibabu, ukitaka kupanda mlima au kurudi shambani, panda, rudi. Lakini mtu mmoja kati ya unaosafiri nao ajue ulicho nacho chini ya shati. Ningesema "siko sawa" saa sita ile, yote hayo yasingetokea. Baada ya safari nilimsimulia Nyambura kila kitu, hata lile la kuchuchumaa. Akaniuliza kama mshipi wake ulishika. Nikasema ulishika. Akasema atashona mwingine wenye mfuko wa akiba, na nisogee nimpime vizuri. Leo hii kila miezi sita naitwa kupigwa picha, na wiki ile ya kungoja majibu natembea Kitale yote, kutoka sokoni mpaka barabara ya Kapenguria, siwezi kutulia. Nyambura hufunga cherehani tukatembea pamoja. Picha mbili zimekuwa safi. Ya tatu ni mwezi ujao.

Lakini nimalizie Lodwar.

Kliniki ilikuwa na chumba cha kufungia vidonda, wakanilaza humo kwenye kitanda chembamba nikatundikiwa maji ya mshipa. Wagonjwa waliokuja kupokea mifuko walikuwa wamekaa kwenye mabenchi ukutani, wakingoja. Mwanamke mmoja hakuwa kwenye benchi. Alikuwa amesimama peke yake kwenye kona ya mbali, karibu na dirisha lililo wazi, shingoni shanga nyingi, mkono mmoja umeshika leso kiunoni. Nilijua kwa nini amechagua dirisha. Mimi mwenyewe nilikuwa nimechagua madirisha mwaka mzima.

Shati nililoazimwa lilipopanda juu, aliona tumbo langu, karatasi ya mkate na utepe wa tyubu. Akasogea. Akainama akatazama kwa makini. Kisha akaangua kicheko, akajiziba mdomo, akacheka tena.

"Baya," akasema kwa Kiswahili chake kidogo. "Wewe funga baya."

Akafungua leso yake upande, bila haya, akanionyesha. Karatasi ya unga ilikuwa imekunjwa mara tatu, kamba imepita juu ya mfupa wa nyonga ikarudi nyuma, na kitambaa kimewekwa pale kamba inapokata. Ilikuwa kazi safi ya mtu aliyejaribu mara nyingi. Akanifungua ule utepe, akanifunga upya kwa namna yake. Maumivu yakapungua papo hapo. Nilimwuliza jina, akasema Akiru. Nikamwuliza ni muda gani, akanyoosha vidole viwili. Miaka.

Katoni zikaletwa. Sista aliketi naye nyuma ya pazia, akaniita nami, na drip yangu mkononi, kwa sababu Akiru alitaka kuona kwanza kwa mtu mwingine. Kwa hiyo nilivua, nikasafishwa, nikawekewa mfuko mpya mbele yake, nikamwonyesha unavyokatwa, unavyobandikwa, unavyobanwa chini. Ngozi yake ilikuwa mbichi, imeliwa kote kuzunguka tundu, na alipopakwa dawa alishika kidole changu nusura akivunje. Baada ya kubandikwa alisimama wima. Akapiga tumbo kidogo. Akajinusa begani, kisha kwapani, kisha akainama kabisa akanusa pale penyewe. Akamtazama Sista kama mtu anayeuliza kama ni mchezo.

Nje, kwenye kivuli cha jengo, walikuwa wanapakua wali na maharagwe. Mzee Ndung'u alikuwa amefika, amelala chini chali, baiskeli mbili kando yake, yake na yangu, aliyoivuta kwa mkono mmoja kilomita zote nane. Wapishi walikuwa wanamwita ale, naye anakataa kuamka.

Muuguzi wa pale aliniambia kwa sauti ya chini kwamba Akiru hula mara moja tu kwa siku, konzi moja, ili pasiwe na cha kutoka. Ndiyo maana alikuwa amekonda vile. Wanawake wenzake walikuwa wamekaa kwenye mkeka, bega kwa bega. Akiru alitoka akasimama mbele yao. Wakamtazama. Mmoja akasogea kidogo, si kwa kumkimbia, kwa kumpa nafasi, naye akajibana katikati yao akaketi. Akapewa sahani. Akala polepole, akiweka mkono tumboni kila baada ya matonge mawili, akisikiliza. Hakuna kilichotokea. Akala kwa haraka zaidi. Akafuta sahani kwa kidole mpaka ikang'aa.

Kisha akainyoosha kwa mpishi, mkono umenyooka.

"Ongeza," akasema.